Kaloleni, Mahali Kiingereza Kilipokuja Baadaye

Kaloleni, jijini Arusha, karibu na Mnara wa Mwenge, lipo jumba ambalo Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana kuanzia Januari 26 hadi 29, 1967. Kikao kile kilizaa Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa. Tangu 1977 jumba hilo ni makumbusho.

Wageni huja kusikia habari za mabenki na viwanda kutaifishwa. Mimi huliendea kwa ajili ya lugha. Azimio lilijadiliwa na kuchapishwa kwa Kiswahili, Kiingereza kilifuata. Tafsiri ya kwanza ilikuwa na utata, ikabidi itolewe nyingine iliyorekebishwa. Si ajabu. Ndani ya ujamaa mna jamaa, watu wa nyumba moja, na neno la Kiingereza lililowekwa mahali pake, socialism, halina ndugu ndani yake.

Mwalimu Nyerere mwenyewe, rais wa nchi na kiongozi wa TANU wakati huo, alilelewa kwa Kizanaki. Alianza shule Musoma akiwa na miaka 12, huko ndiko Kiswahili kilikomkolea, kisha Kiingereza kikajengwa juu ya hizo mbili. Ndiye aliyemfasiri Shakespeare: tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Mwaka uleule wa Azimio, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari kuanzia 1985. Pendekezo halikutekelezwa.

Matokeo yake yako darasani. Mtoto wa miteremko ya Mlima Meru anajua tangu nyumbani, kwa Kimeru au Kimaasai, kwamba mahindi ya kivulini hudumaa. Shule ya msingi inampa jina la kazi ya mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga: usanisinuru, na nuru anaiona humo humo ndani ya neno. Akifika kidato cha kwanza anaambiwa ni photosynthesis, aeleze kwa Kiingereza, na anakaa kimya kama hajawahi kuona shamba. Mwalimu mwenye huruma humfafanulia kwa Kiswahili, sauti chini, jicho mlangoni, kana kwamba anaiba.

Haibi. Anamjengea mtoto daraja la kukifikia Kiingereza chenyewe.

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, bado imekiacha Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Basi mzazi mwenzangu, mtoto akirudi jioni na daftari lake la Kiingereza, muulize kwa lugha yenu ya nyumbani amejifunza nini, umsikilize mpaka amalize.