Baluni Zilipita Juu Yetu

Kila wiki nakutana na mtu ameandika kwamba akili mnemba itaziba pengo la elimu Kenya. Kila mwanafunzi mwalimu wake mfukoni, eti kazi imeisha. Mimi naitumia sana hiyo akili mnemba, sina ubaya nayo. Lakini hii hadithi tumewahi kuambiwa, na si zamani. Twende 2020.

Shule zilifungwa Machi, korona ikiwa ndiyo imeingia. Tukadhani ni mwezi mmoja hivi. Tarehe 7 Julai, Waziri wa Elimu, marehemu George Magoha, akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea: turudi Januari, turudie darasa. (Baadaye watahiniwa na Gredi ya 4 waliitwa Oktoba, sisi wengine tukabaki nyumbani.) Na wiki hiyo hiyo, manze, intaneti ya baluni ikazinduliwa rasmi Kenya. Kampuni ni Loon, ya Alphabet, hao wenye Google, ikishirikiana na Telkom.

Hizo baluni hazikuwa mchezo. Zilirushwa kutoka Marekani, zikapaa hadi kilomita 20 hivi, juu kabisa ya ndege za abiria. Zilitumia nguvu ya jua na hazikuwa na injini ya kuzisukuma. Programu ya kompyuta ndiyo ilizipandisha na kuzishusha mpaka zipate upepo unaoelekea zinakotakiwa. Baluni 35 hivi zilipangiwa kufunika kama kilomita mraba 50,000 za magharibi na kati ya nchi. Kwa wahandisi wale natoa kofia.

Sasa shuka chini. Ili ile 4G ikufikie ulihitaji simu ya 4G, laini ya Telkom, bando, na mahali pa kuchaji. Sensa ya 2019, mwaka mmoja tu kabla, ilikuta intaneti katika nyumba 18 hivi kwa kila 100. Kompyuta au tableti, chini ya 9. Televisheni, 41. Redio ndiyo iliongoza, 57, na hata hapo hesabu mwenyewe ni nyumba ngapi zilibaki bila. Zilizowasha taa kwa umeme wa gridi zilikuwa kama nusu.

Na hiyo "nyumba yenye simu" wasomi wanaipenda sana kwenye ripoti. Kwetu ilikuwepo simu moja ya maana, ya mathe, na aliondoka nayo asubuhi kwa sababu wateja wake na M-Pesa yake vilikuwa humo. Mwalimu wa hesabu anatuma maswali kwenye grupu ya WhatsApp saa tatu asubuhi. Mimi nayaona saa mbili usiku, chaji imebaki kidogo, na ndugu yangu mdogo ameshapanga foleni. Kwenye takwimu sisi wote watatu tulikuwa na simu.

Hapa ndipo redio inanivutia, kwa sababu Kenya ilikuwa imeshafanya hii kazi, na kuifanya vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, ambayo leo ni KICD, iliendesha mradi kwa ufadhili wa Marekani wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Siri yake ilikuwa kimya. Sauti inauliza swali, inanyamaza sekunde chache, darasa zima linajibu kwa pamoja, kisha sauti inatoa jibu sahihi na kusonga mbele. Yaani vipindi viliandikwa vikiwa na nafasi ya mtoto kuongea. Na mwalimu alikuwa palepale darasani, anaona nani amechomoa mdomo tu bila kusema kitu.

2020, KICD ilirudi hewani kwa redio na kwa televisheni, na wale watu walijitahidi, wapewe haki yao. Lakini darasa halikuwepo. Redio ikiuliza, unajibu peke yako jikoni ukichambua sukuma, na ukikosea hakuna anayejua. Wengi wetu tuliacha kujibu wiki ya pili.

Kitu kingine ambacho hakuna mtu atakitengenezea filamu ni SMS. Eneza Education walikuwa wameshaanza miaka kadhaa kabla ya korona kutuma masomo na maswali ya majaribio kwa ujumbe mfupi, hata kwa kabambe, na ungeweza kumwuliza mwalimu swali likajibiwa na binadamu. Haina picha, haina video, haipendezi kwenye uzinduzi wa waziri. Lakini ilianzia kwenye simu ambayo tayari iko ndani ya nyumba, na iliweka mtu upande wa pili. Kwangu mimi hiyo ni teknolojia kali kushinda baluni, na niko tayari kubishana na yeyote.

Shule zilifunguliwa kwa wote tarehe 4 Januari 2021. Mwezi huo huo Alphabet wakatangaza kwamba wanaifunga Loon, kwa sababu hawakupata njia ya kushusha gharama iwe biashara ya kudumu. Huduma ya Kenya ikaachiwa hadi Machi. Miezi minane hivi, basi.

Machi hiyo hiyo watahiniwa wa KCPE na KCSE walianza mitihani. Kuna aliyekuwa na tableti yake na tuisheni ya Zoom tangu Aprili, na kuna aliyekuwa akingoja simu irudi kutoka kazini. Karatasi ilikuwa moja.