Reli ilikwenda Tanga, Pangani ikabaki

Ujenzi wa daraja la mita 525 kati ya mji wa Pangani na Bweni, ng'ambo ya mto, umeirudisha Pangani magazetini baada ya miaka mingi ya kutajwa pale tu kivuko kinapoharibika. Daraja hilo ni sehemu ya barabara ya lami ya Tanga hadi Bagamoyo, na kila habari zake zinapoandikwa, historia ya mji hupewa aya moja: palikuwa na biashara ya watumwa, biashara ikapigwa marufuku, mji ukafa. Ni maelezo mepesi kukumbuka, na yana faida moja kubwa kwa wenye mamlaka wa jana na wa leo: hayamlaumu mtu. Kama mji uliishi kwa dhambi, basi kufa kwake ni haki yake, na nyumba zake zikiporomoka hakuna wa kuulizwa. Lakini anayefuata mwaka mmoja baada ya mwingine ataona hesabu hiyo haikubali.

Mkataba wa kuzuia kusafirisha watumwa kwa bahari ulitiwa saini na Sultani Barghash mwaka 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa mwaka huohuo. Kama Pangani ingekuwa ikiegemea mauzo hayo peke yake, ingeanza kudhoofika hapo. Haikudhoofika. Misafara iliendelea kupanda kuelekea Kilimanjaro na Umasaini na kurudi na pembe za ndovu, na mashamba ya miwa kando ya mto yaliendelea kutoa sukari. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na hapo ndipo ukatili wa Pangani ulipokuwa hasa: shambani na kwenye mitambo ya kukamulia miwa, kuliko ufukweni walipopakiwa watu majahazini. Miaka kumi na mitano baada ya mkataba, forodha ya Pangani ilikuwa bado na thamani ya kutosha kuitiwa manowari.

Manowari hiyo ilikuja Agosti 1888. Mwezi Aprili Sultani Khalifa bin Said alikuwa amekubali kuikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na katikati ya Agosti watumishi wa kampuni walifika mijini kushika forodha. Pangani ilipewa Emil von Zelewski, kijana mwenye haraka ambaye Waswahili walimwita Nyundo. Aliyemkabili alikuwa liwali Abdulgawi bin Abdallah, na ugomvi wao, ukiutazama juujuu, ulikuwa wa kitambaa tu. Zelewski alitaka bendera ya kampuni ipandishwe na liwali awe chini yake. Liwali akajibu kwamba yeye ni mtu wa Sultani, na bila amri ya Sultani hapokei amri ya mfanyabiashara. Kwa tabia ya serikali ya pwani wakati ule, lilikuwa jibu la mtumishi mwaminifu. Zelewski alilichukua kuwa uasi, akaita askari wa majini kutoka manowari Carola.

Walishuka wakati wa Idd el-Hajj, mji ukiwa umejaa watu waliokuja kusali na kula sikukuu. Nyumba ya liwali ilivunjwa na kupekuliwa, mlingoti wa bendera nyekundu ya Sultani ukakatwa, na inasimuliwa kwamba Zelewski aliingia msikitini na mbwa wake akimsaka liwali. Mwanahistoria Jonathon Glassman, ambaye kitabu chake cha mwaka 1995 kinaichambua Pangani ya miaka hiyo kuliko maandishi mengine yoyote, anasisitiza jambo ambalo vitabu vya shule huliruka. Waliosimama mwanzo walikuwa umati: watu wa vijijini, wapagazi, watumwa, vijana wasio na heshima barazani, ambao majumbe na Waarabu wenye mashamba waliwaogopa karibu kama walivyomwogopa Mjerumani. Mapema Septemba waliwazingira watumishi wa kampuni ndani ya nyumba yao. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, aliletwa kuwaokoa Wajerumani, akafaulu, lakini naye hakudumu, kwa kuwa watu walikuwa wamemchukia Sultani pia: yeye ndiye aliyewakodisha. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi aliyeishi Mrima wakati huo, aliyatungia mambo haya *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima*, na mtu anayetaka kusikia yalivyozungumzwa kwa Kiswahili cha wenyewe anapaswa kuanzia hapo.

Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa Pangani, aliingia kati na kuwa uso wa vita. Watu wake walimkamata hata Hans Meyer, ambaye mwaka uliofuata angefika kilele cha Kilimanjaro, wakamtia minyororo pamoja na Oscar Baumann hadi walipokombolewa kwa fedha. Bismarck, kansela wa Ujerumani, alimtuma Hermann von Wissmann na askari wa kukodi, wengi wao Wasudani walioandikwa Misri. Julai 1889 Pangani ilipigwa mizinga na kutekwa, na tarehe 15 Desemba Abushiri akanyongwa mjini humo. Nyundo naye hakufika mbali: aliuawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo mwaka 1891, tena Agosti.

Hata hivyo, Pangani haikuuawa na mizinga. Mwaka 1893 mambo mawili yalitokea jirani kwa jirani. Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya katani kutoka Florida; kati ya 1,000 iliyoagizwa ilisalia 62, ikapandwa Kikogwe, upande wa kusini wa mto Pangani. Zao lililokuja kuitajirisha Tanganyika lilianzia hapo. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda Usambara, na baadaye Moshi. Reli hiyo iliichukua njia ya misafara ya Pangani karibu yote na kuishushia mizigo Tanga. Mbegu ya utajiri ikawa Pangani, faida ikapakiwa kwingine.

Watapinga wanaojua bahari, na wana haki ya kupinga: mdomo wa mto una fungu la mchanga, meli kubwa za mvuke hazikuweza kuingia, na Tanga ina ghuba yenye kina. Ni kweli, na mhandisi yeyote angechagua Tanga kwa bandari kuu. Lakini fungu lilikuwepo tangu zamani na majahazi yalilipita kwa vizazi. Lililobadilika ni uamuzi kwamba mali yote ya kaskazini ishuke kwa mlango mmoja, na uamuzi huo ulifanywa mezani. Serikali zilizofuata, ya Waingereza na ya kwetu, ziliurithi bila kuuhoji. Nazo nazi, uvuvi na katani, hadi bei yake ilipoanguka, vikabaki kuulisha mji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Abushiri alimiliki watumwa. Kwa nini mji ujivunie yeye? Hapana sababu ya kumtakasa. Ila historia ya Agosti 1888 haihitaji mtakatifu, maana haikuwa yake peke yake, na watumwa waliokuwa katika umati ule wanastahili zaidi ya kuonyeshwa kama mizoga. Kwa sasa mgeni anayefika kwenye boma la zamani husimuliwa kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo ili jengo liwe imara. Inatisha, inauzika, na haimwelezi mtumwa aliyeshika silaha hatua chache kutoka hapo. Boma limetumika kwa ofisi za serikali. Nyumba za kando ya mto ni za familia zilizotawanyika, mirathi haijagawanywa, na hakuna anayethubutu kuziba paa la nyumba ambayo kesho binamu ataidai. Barabara itapandisha bei ya viwanja hivyo kabla haijaleta mtalii hata mmoja. Kazi ya halmashauri kwa hiyo ni kuorodhesha majengo na wamiliki wake sasa hivi, wakati mnunuzi wa kwanza hajafika na tingatinga, na kuweka pale boma maelezo ya Kiswahili ya ugomvi wa bendera, yakiwataja Abdulgawi, Zelewski na umati.