Swali la Altimita: Mtihani wa Rubani na Historia Yetu

Nyumbani kwetu Muhokya, si mbali na mji wa Kasese, mlima tunao lakini siku nyingi hatuuoni. Asubuhi ya mvua ukisimama kando ya barabara utaona matanuri ya chokaa, kisha ukuta wa wingu. Nyuma ya ukuta huo umesimama Rwenzori, na kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Wakonzo waliijua theluji yake na kuiita nzururu muda mrefu kabla ya Henry Morton Stanley kuiona mwaka 1888. Kwa mtu wa miguu, wingu hilo ni baridi tu. Kwa rubani ni suala la uhai.

Likizo iliyopita kaka yangu, ambaye anasomea urubani, alikuja nyumbani na kitabu kinene cha maswali. Alikuwa amefanya mtihani wa nadharia wa idhini ya kuruka kwa vipimo, yaani idhini inayomruhusu rubani kuongoza ndege ndani ya wingu bila kuona ardhi. Alikosa alama chache, na fedha za kurudia zilitokana na mbuzi wa mama. Kazi yangu ikawa kumwuliza maswali kila jioni. Nilidhani nimeshika kitabu cha hesabu, lakini nikaja kugundua kwamba nimeshika kitabu cha historia. Katika insha hii ninadai kwamba mtihani huo ni kumbukumbu ya vifo na ya kazi iliyofanywa kwa pamoja, na kwamba historia ya Afrika Mashariki inaweza kusomwa ndani yake.

Swali lililomshinda lilikuwa hili. Nilimwuliza, "Kaka, ndege inatoka penye mgandamizo mkubwa wa hewa kwenda penye mgandamizo mdogo. Rubani hajarekebisha altimita. Je, ndege itakuwa juu au chini ya kimo anachokisoma?"

"Juu," akajibu haraka.

"Kitabu kinasema chini."

Akanyamaza. Jibu alikuwa amelikariri kwa Kiingereza, nalo likamtoka. Nikamwomba anieleze kwa Kiswahili, kana kwamba anamweleza mama. Akaanza polepole: altimita haipimi urefu, inapima mgandamizo wa hewa. Kadiri unavyopanda, mgandamizo hupungua. Kwa hiyo ndege ikiingia penye mgandamizo mdogo, altimita hudhani kwamba imepanda. Rubani naye, akitaka sindano ibaki palepale, huishusha ndege bila kujua. "Sindano haijasogea, mdogo wangu," akamalizia, "lakini mlima umesogea." Tangu jioni hiyo hakulikosa tena.

Ujuzi huo una tarehe na majina. Marubani wa kwanza waliamini kwamba mtu mwenye uzoefu anaweza kuhisi ndege inavyolala. Wengi waliingia winguni na hawakutoka salama. Sababu imo sikioni: maji yanayotusaidia kusimama wima hutulia ndege inapozunguka kwa muda bila kubadili mwendo, na rubani huhisi ameenda sawa ilhali amelala upande. Tarehe 24 Septemba 1929, huko New York, Jimmy Doolittle aliruka na kutua akiwa amefunikwa asione nje, huku rubani mwenzake akiwa kiti cha mbele kwa tahadhari. Alitegemea upeo wa bandia wa kampuni ya Sperry na altimita nyepesi ya Paul Kollsman. Hadi leo kidirisha ambacho rubani hutumia kurekebisha mgandamizo kwenye altimita huitwa kwa jina la Kollsman. Ni kidirisha kilekile cha swali la kaka.

Baada ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilianza kuweka kanuni za pamoja, na mwaka 1948 likapitisha kanuni za leseni za marubani. Ujuzi wa mtu mmoja ukawa sharti la wote.

Kwetu, shirika la East African Airways lilianzishwa mwaka 1946 kuhudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Nalo lilionja ukali wa milima. Mwezi Mei 1955, ndege yake aina ya Dakota iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwemo wakafa. Mlima ule, siku ya anga safi, huonekana kutoka mbali sana.

Katika enzi hiyo rubani Mwafrika alikuwa nadra, na mafunzo yalifuatwa ng'ambo. Ndiyo maana kuanzishwa kwa chuo cha urubani cha Soroti mwaka 1971, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, lilikuwa jambo kubwa. Kijana wa Kitanzania, wa Kenya na wa Uganda waliweza kujifunza katika darasa moja, katika eneo lililosimamiwa na kurugenzi moja ya usafiri wa anga.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Tunapofundishwa tukio hilo, husikia zaidi juu ya ugomvi wa viongozi, tofauti za siasa na mgawanyo wa mali. Ndege zilihesabiwa, na mwaka huohuo Kenya Airways na Air Tanzania zikaanzishwa. Lakini darasa haligawanyiki kama ndege. Chuo cha Soroti kilibaki Uganda, na kila nchi ikalazimika kujenga upya usimamizi wake wa anga. Kwa maoni yangu, hasara hii ya ujuzi haijapewa nafasi ya kutosha katika historia tunayosoma.

Mawingu, kwa upande wao, hayakuvunja ushirika. Agosti 2012 helikopta 3 za jeshi la Uganda zilizokuwa safarini kwenda Somalia zilianguka katika Mlima Kenya. Sidai kwamba karatasi ya mtihani ingeziokoa, kwani ajali huwa na sababu nyingi. Ninasema tu kwamba anga letu ni moja na milima yetu ni ya wote.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliosainiwa mwaka 1999, na mwaka 2007 ikaunda wakala wa usalama wa anga, CASSOA, ambao makao yake yako Entebbe. Miongoni mwa kazi zake ni kuoanisha kanuni za nchi wanachama, pamoja na mfumo wa mitihani ya wataalamu wa anga. Nilipomweleza kaka hayo, alicheka. "Kumbe hata maswali yanayonitesa yana uraia wa Afrika Mashariki!"

Aliondoka alfajiri kwenda kufanya mtihani. Mama alimsindikiza hadi kituoni, akamwuliza kama hilo swali la mbuzi sasa analijua. Kaka akamweleza palepale, kwa Kiswahili, mkono wake ukiwa ndege na bega la mama likiwa mlima. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa huyo rubani, nani anamwambia hewa imebadilika?"

"Waongoza ndege walio chini, mama. Wanamsomea mgandamizo wa hapo, naye anarekebisha."

"Basi hayuko peke yake," mama akasema, na gari likafika.