Kumngoja Godot katika Sarajevo

Tamthilia ya Samuel Beckett, Kumngoja Godot, ilipoigizwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1953, wengi waliiona fumbo la kifalsafa. Agosti 1993 Susan Sontag aliiongoza Sarajevo, mji uliozingirwa na majeshi ya Waserbia wa Bosnia, jukwaa likimulikwa kwa mishumaa. Wangojaji wawili wa Beckett aliwafanya jozi tatu: wanaume, wanawake, mwanamume na mwanamke. Akaonyesha sehemu ya kwanza pekee. Kwangu, uamuzi huo ni hoja ya kisiasa: waliokuwa wakingoja mataifa yawaokoe hawakuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba mwokozi haji. Mzingiro ulikwisha Februari 1996, miaka miwili na nusu baadaye.