Asali ya Baray na vichupa vya mdogo wangu

Mdogo wangu alinitumia picha ya vichupa viwili vya unga mweupe. Kimoja kimeandikwa BPC-157, kingine TB-500. Kano la kisigino limemsumbua miezi sasa, na jimu walimwambia ukichanganya hivyo viwili unapona upesi. "Dada, wewe msomi, nichanganyeje?"

Mimi nasoma historia. Nilimjibu hivyo, kisha nikakosa usingizi.

Kilichonijia ni goti langu. Nikiwa na miaka tisa, likizo kwa bibi huko Baray, jembe lilinichana kwenye mfereji wa shamba la vitunguu. Bibi aliosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akapaka asali aliyobadilishana na Wahadzabe kwa mahindi, akafunga kitambaa. Kovu lipo bado, jembamba kama uzi.

Dawa hiyo ni ya kale. Mafunjo ya Misri yanayoitwa ya Edwin Smith, ya mnamo 1600 KK, yanaagiza jeraha lifungwe kwa mafuta, asali na nyuzi. Lakini ndani ya asali, ni nini hasa kinachofanya kazi? Mwaka 2010, huko Amsterdam, Paulus Kwakman na wenzake walichukua asali ya tiba wakazima nguvu zake moja baada ya nyingine: sukari, asidi, haidrojeni peroksaidi. Humo wakakuta pia defensini-1, peptidi inayotoka kwenye tezi za nyuki. Nilicheka peke yangu maktaba: kumbe bibi naye alikuwa anachanganya peptidi! Wakaona kwamba nguvu hizo zinategemeana. Ukizima moja, kuna bakteria wanaoponyoka. Mwaka 2017 watafiti wa Slovakia wakaonyesha, kwa panya, kwamba defensini-1 husaidia kidonda kuota ngozi mpya.

Sisemi apake asali kisigino. Asali haifiki kwenye kano.

BPC-157 ilitoka Zagreb, kwa Predrag Sikirić na wenzake, miaka ya 1990: asidi amino 15, zikihusishwa na protini ya majimaji ya tumbo. Ushahidi wake mwingi ni wa panya. TB-500 huuzwa kama kipande cha thaimosini beta-4, protini ambayo mwili wenyewe hutengeneza. Wanamichezo wamekatazwa zote mbili. BPC-157 ilitajwa kwa jina na WADA mwaka 2022. Nilitafuta usiku mzima mtu aliyeufanyia mchanganyiko huo, kwa binadamu, kile walichoifanyia asali kule Amsterdam. Nikarudi mikono mitupu.

Nikaikuza ile picha. Chini ya kila jina kuna maandishi madogo: kwa utafiti tu. Mtafitiwa ni mdogo wangu, na hakuna anayeandika matokeo.

Nilimwandikia aende kwa mtaalamu wa fiziotherapia kwanza, na anisomee jina la kiwanda kwenye lebo.

"Hakuna jina," akajibu.

Nikamuuliza kama ameshajidunga. Tiki mbili za bluu, tangu jana.