Dawa jenerike: kupunguza gharama bila kukatiza matibabu

Mashemasi wa makanisa yetu wanajua ombi hili vizuri: mgonjwa ameandikiwa dawa na hana pesa za kuinunua. Familia moja inauza mbuzi, nyingine inakopa kwa jirani. Wengine wananunua nusu ya dawa na kuacha matibabu katikati. Tunamkumbuka mwanamke wa Marko 5, aliyeugua miaka 12 na kumaliza mali yake kwa waganga. Hatuwezi kuondoa mzigo huu wote. Lakini sehemu yake moja tunaweza kuipunguza, kwa kujua tofauti kati ya dawa yenye jina la kampuni na dawa jenerike.

Majina mawili, dawa moja

Kila dawa ina jina la kile kinachotibu ndani yake. Wauguzi wetu wanaliita DCI, na Shirika la Afya Duniani (OMS) ndilo linaloyasimamia majina haya. Jina lingine ni la biashara, ambalo kampuni imelichagua. Tunayaandika hapa kama yalivyo kwenye boksi:

- Doliprane, Efferalgan, Dafalgan na Panadol: zote ni paracétamol.
- Flagyl: métronidazole.
- Clamoxyl: amoxicilline.
- Glucophage, ya ugonjwa wa kisukari: metformine.
- Amlor, ya tansio: amlodipine.

Jina la DCI huandikwa pia kwenye boksi, mara nyingi kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara.

Kwa nini bei inashuka

Kampuni iliyovumbua dawa hupewa haki ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida miaka 20 tangu ilipoomba haki hiyo. Muda ukiisha, wengine wanaruhusiwa kuitengeneza. Hao hawana gharama kubwa ya uvumbuzi, tena wanashindana wao kwa wao. Dawa yao inapaswa kuwa na kitu kile kile, kwa kipimo kile kile, na kuingia katika damu kwa namna ile ile. Rangi na umbo la kidonge vinaweza kutofautiana.

Mfano mkubwa ni dawa za UKIMWI. Karibu na mwaka 2000, matibabu ya mtu mmoja yaligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza jenerike kwa dola 350. Leo ndugu wengi wanaishi kwa sababu ya dawa hizo.

Bei ndogo si alama ya dawa bandia

Wengine wanaogopa jenerike wakidhani ni dawa dhaifu. Tukumbuke kwamba wadanganyifu wanaiga pia dawa zenye majina makubwa. Kinachotulinda ni mahali dawa inapotoka. Huku kwetu kuna depo zinazopelekea vituo vya afya dawa jenerike za lazima, kama ASRAMES kule Goma na DCMP ya 8e CEPAC kule Bukavu. Kwa hiyo tuanzie famasia ya kituo cha afya au ya hospitali. Tusinunue vidonge vya kuhesabiwa mkononi sokoni, bila boksi wala tarehe ya mwisho.

Mambo ya kufanya

1. Mwombe daktari: «Dokta, tafadhali uniandikie jina la DCI.»
2. Kwenye famasia uliza kama kuna jenerike. Hakikisha idadi ya miligramu ni ile ile.
3. Hesabu bei ya matibabu yote. Tuseme kidonge kimoja cha kila siku kinauzwa franga 500, na jenerike yake franga 100. Kwa siku 30 ni franga 15,000 au 3,000. Kwa mgonjwa wa tansio, anayemeza dawa miaka mingi, tofauti hiyo ni karo ya mtoto.
4. Usimeze majina mawili ya dawa moja. Anayechanganya Doliprane na Efferalgan anameza paracétamol mara mbili. Mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kuzidisha kunaharibu ini.
5. Kwa dawa za kifafa, za tezi ya shingo na za kuzuia damu kuganda, usibadilishe bila daktari, hata kama jina la DCI ni moja. Kwa hizo tofauti ndogo inaweza kuleta hatari.

Kwa mashemasi

Kabla ya kutoa pesa za sanduku la diakonia, tusome ordonansi pamoja na mgonjwa, kisha tumwulize muuguzi kama jenerike ipo. Pesa zilizokusudiwa mgonjwa mmoja zinaweza kuwatosha wawili au watatu. Huo nao ni uwakili mwema wa sadaka za watu wa Mungu, na mgonjwa atapata dawa yake hadi siku ya mwisho ya matibabu.