Msaada wa mtandaoni kwa akina baba waliotengana

Msaada wa mtandaoni kwa akina baba waliotengana ni utaratibu ambapo wanaume walioachana na wake au wenzi wao husaidiana kwa simu, hasa katika makundi ya WhatsApp, kuhusu malezi, matunzo na kesi za watoto. Hauchukui nafasi ya wakili wala mshauri nasaha.

Nchini Kenya, maswali mengi ya akina baba hawa yanagusa sheria. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimpa mama wajibu wa mzazi kwa kuanzia pale wazazi hawakuoana. Katiba ya 2010, ibara ya 53, iliweka wajibu sawa kwa baba na mama, wawe wameoana au la; Sheria ya Watoto ya 2022 ikafuata msimamo huo.

Katika mitaa ya vibarua kama Kibera, au Kongo iliyoko Kawangware, jambo zito ni kuthibitisha matunzo. Kipato cha mjengo huja kwa siku, hivyo pesa hutumwa kidogo kidogo kwa M-Pesa, huduma iliyoanza 2007. Kila ujumbe hubeba namba ya muamala, kiasi, jina la mpokeaji, tarehe na saa. Baba anayezihifadhi jumbe hizo ana ushahidi ambao noti za mkononi haziachi, na huenda huu ndio ushauri wenye faida kuliko mwingine wowote. Kunyimwa nafasi ya kumwona mtoto hakumwondolei baba wajibu wa kumlisha. Majina na picha za mtoto mwenye kesi hazifai kusambazwa kundini.